Nimeambiwa "ni mazoezi" na hawa watu wa baiskeli, hapa mkono bado unatetemeka

Wakuu, salamu baadaye. Wale jamaa wa baiskeli za kukodi za mji wetu huku ughaibuni mnawajua, sina haja ya kutaja. Asubuhi hii nimewapigia simu, nimejieleza kistaarabu kabisa, na yule dada akanijibu: "Kituo kingine kipo juu kidogo tu, ni mazoezi mazuri." MAZOEZI. Mimi! Nimevaa suti!

Ngoja nianze mwanzo. Tunakaa mlimani. Asubuhi mtaa mzima unachukua baiskeli, tunateremka kwa mserereko hadi stesheni ya treni. Jioni hakuna mwendawazimu wa kupandisha lile dubwana la kilo zaidi ya 20, wote tunarudi na basi. Ikifika saa mbili asubuhi kituo cha juu ni cheupe, cha chini kimejaa hadi huwezi kuchomeka hata pampu. Na hicho cha stesheni, stesheni nzima ya treni, wamekipa vifungio 15, yaani pale unapochomeka baiskeli kuirudisha! Kile chenye vifungio 40 wamekiweka wapi? Mbele ya makumbusho, ambako siku za kazi wateja ni njiwa.

Basi tukawa watu tisa tunakizunguka kituo kama kunguru buchani, tunaomba mtu mmoja tu atokee achukue baiskeli. Dakika 30 za bure zinayoyoma. Akatokea. Kifungio kikabaki wazi, nikajipanga, katoto ka shule kakanipita ubavuni, kakachomeka, kakaondoka kanapiga mluzi. Treni nayo hiyooo. Ndipo nikapiga simu. Ndipo MAZOEZI.

Nimekosea wapi?

Mzee wa Pancha: Umekosea kuvaa suti. Babu yangu alipandisha mkungu wa ndizi Lushoto kwa Foniksi na hakumpigia mtu simu.

Njiwa Mkazi: Sisi wa makumbusho tunaomba tusihusishwe.

Mama Pacha: Mwacheni, ana hoja. Mimi nimekaa Paris. Vélib', baiskeli za kukodi za kule, walipoanza 2007 walipanga vituo kama mita 300 kutoka kimoja hadi kingine, kikijaa hiki unajikokota dakika chache unakuta kingine. Na ukirudisha baiskeli kwenye vituo vya vilimani ulikuwa unaongezewa dakika 15 za bure. Watu wakaendelea kuteremka tu, magari yakawa yanazipandisha.

Mleta uzi: Dada yangu, wenzetu wanapewa dakika 15, mimi napewa MAZOEZI. Na sauti yake ilikuwa inacheka, nimeisikia!

Kichwa Ngumu: Shukuru mnavyo. Seattle kule Marekani walifungua 2014, vituo kama 50 kwa mji ule wote, vilima, halafu sheria ya wakati ule ilitaka uvae helmeti. 2017 wakafunga biashara.

Mzee wa Pancha: Katoto ka shule kakupite wewe na tai yako? Hapo ndipo penye uzi.

Mleta uzi: Kalikuwa kakubwa.

Binti wa Bondeni: Nyie mnalilia vifungio. Kwetu kituo cha daladala kilikuwa mlangoni mwa soko, wamekihamishia ng'ambo ya mtaro. Tunaruka na mabeseni kichwani kama swala. Jana mama mmoja kaangusha dagaa wote, beseni zima, mtaroni.

Kichwa Ngumu: Dagaa wa wapi?

Binti wa Bondeni: Wa Mwanza.

Kichwa Ngumu: Basi si hasara kubwa. Wale nusu ni mchanga.

Mama Pacha: Kichwa Ngumu una adabu kweli? Mtu kapoteza mtaji.

Mleta uzi: Jamani, nilikuwa kwenye vifungio. Hivi hamuoni kwamba stesheni ya treni ina 15?

Mzee wa Pancha: Mtaji sawa, lakini kwa dagaa nasimama na Kigoma.

Binti wa Bondeni: Mchanga ukiosha kwa maji ya moto mara tatu unaisha. Shida yenu uvivu.

Kichwa Ngumu: Mara tatu! Kwa bili ya maji ya nani?

Mleta uzi: Wa Kigoma bwana, unakaanga moja kwa moja. Lakini turudi kwenye mada.

Binti wa Bondeni: Na wewe mpanda baiskeli umejiunga nao? Sawa. Leteni bei ya kilo hapa tulinganishe.