Mrejesho: bao la mbao au la kwenye simu?

Wakuu, niliuliza ninunue bao la mbao au nibaki na programu ya simu. Nimechukua la mbao: mashimo 32, mawili kati yake ni nyumba za mraba (shimo kuu la kila mchezaji), na komwe 64, yaani mbegu za kuchezea. Asanteni kwa kusisitiza komwe zihesabiwe kabla ya kulipa. Ikipungua moja tu, zile 22 ambazo kila mchezaji huanza nazo mkononi hazitimii kwa mmoja wenu. Mashimo nayo yawe na kina, la sivyo nyumba ikijaa komwe zinamwagikia shimo la jirani na ubishi unaanza.

Programu sijaifuta, inafaa kuhakiki sheria. Ila angalieni inavyopanga: komwe 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Ikianza na 2 kila shimo, hilo ni bao la kujifunza, halina namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza komwe za mkononi ubaoni moja moja. Tena programu inasambaza komwe yenyewe, vidole havijifunzi kitu.