Tupeane uzoefu: Visual FoxPro ingepata toleo jipya leo, ungetaka waanze kurekebisha nini?

#1 (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za kazi. Naandika kwa Visual FoxPro (lugha ya Microsoft ya kutengeneza mifumo ya hifadhidata) tangu toleo la 6 na hadi leo ndiyo inayonilipa. Toleo la 9 lilitoka 2004, mwaka 2007 Microsoft ikatangaza kwamba la 10 halitakuwepo, na huduma zake zikakoma Januari 2015. Hayo nayajua. Lakini mifumo yangu inafanya kazi kila siku, na wapo wanaoendelea kuitengenezea zana kupitia VFPX, mradi huria wa watumiaji wake. Tuambiane ungetaka kipi kirekebishwe, na yaliyokukuta hadi ukakitaka.

Naanza mimi: kikomo cha gigabaiti 2 kwa kila faili. Jedwali la miamala la mteja wangu lilikuwa na sehemu ya memo (ya maandishi marefu), na faili la FPT linalotunza maandishi hayo lilijaa mapema kuliko DBF, faili la jedwali lenyewe. Watu walisoma rekodi za zamani bila shida, ila kila aliyejaribu kuhifadhi maelezo mapya alikwama. Nikadhani diski imejaa, kumbe nusu yake ilikuwa wazi. Usiku ule sikulala, nililigawa jedwali kwa miaka. Tangu hapo kila ripoti inayovuka mwaka inabidi iunganishe majedwali mawili kwa UNION. Nipeni biti 64 kwanza, faili ziweze kuwa kubwa zaidi, mengine yatafuata.

#2
Mkuu, kwangu ni Unicode, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote. Mteja alileta orodha ya majina ya watu wa lugha mbalimbali. Herufi ambazo hazimo kwenye ukurasa wa herufi wa jedwali (seti ya herufi linazozitambua) ziligeuka alama za kuulizia, zikahifadhiwa hivyohivyo. Hakuna namna ya kuzirudisha, nililazimika kuomba orodha upya. Jina la mtu si kitu cha kuharibu.

#3
Umeme, wakuu. Ulikatika watu wakiwa katikati ya kuingiza data. Ulivyorudi, jedwali kuu halikufunguka: kichwa cha faili kilitaja idadi moja ya rekodi, na ndani kulikuwa na moja zaidi. Tangu toleo la 8 Fox hukagua hilo kabla ya kufungua, na ni jambo jema, ila hairekebishi faili lenyewe. Fahirisi (orodha za kutafutia rekodi haraka) nazo zilivurugika, nikafuta CDX, faili lake, na kuijenga upya.

BEGIN TRANSACTION, amri ya kuhifadhi mabadiliko yote kwa pamoja au kuyafuta yote, ninaitumia, lakini hainikingi mashine ikizimika ghafla wakati wa kuandika. Ninachotaka ni daftari la mabadiliko linaloandikwa kwanza, kisha ndiyo jedwali liguswe, ili umeme ukirudi mfumo ujirekebishe wenyewe.

#4
Naunga mkono yote, ila naomba wasiguse USE, SEEK, SCAN na REPLACE, amri za kufungua jedwali, kutafuta, kupitia rekodi na kuzibadili. Nilihamishia mfumo mmoja kwenye lugha nyingine. Kitanzi cha mistari sita kikawa karibu ukurasa mzima: fungua muunganisho, andaa swali, soma safu, badili aina ya data, funga. Kwenye Fox data ni sehemu ya lugha yenyewe. Na Rushmore, mbinu yake ya kuharakisha utafutaji, bado ina kasi ajabu ukiipa fahirisi inayolingana na sharti lako.

Langu dogo ni PACK. DELETE huweka alama tu, rekodi inabaki palepale, na ili kuiondoa kabisa kwa PACK lazima uwe umefungua jedwali peke yako. Kwenye ofisi isiyofungwa saa hiyo unaipata wapi? Ifanye kazi polepole huku watu wakiendelea.

#1
#3, ile idadi ya rekodi uliirekebishaje? Nina faili lenye ugonjwa huohuo mezani.

#3
Nakili faili kwanza, usiguse lenyewe. Fungua nakala kwa kihariri cha heksadesimali. Baiti ya 5 hadi ya 8 ndizo zenye idadi ya rekodi, ya 9 na 10 ni urefu wa kichwa, ya 11 na 12 ni urefu wa rekodi moja. Zote zinasomwa kinyume, baiti ndogo inatangulia. Chukua ukubwa wa faili, toa urefu wa kichwa, gawa kwa urefu wa rekodi. Ikibaki baiti moja, hiyo ni alama ya mwisho wa faili. Jibu liandike kwenye zile baiti nne, kisha ujenge fahirisi upya. Ukikwama niite hapahapa.