Timu ya gemu iko nchi tatu: tunaunganaje?

Swali: Habari zenu wadau. Nachora wahusika wa gemu nikiwa Nairobi. Waprogramu wako Warsaw, mtunzi wa muziki yuko São Paulo, Brazili. Kazi inaenda ila hatujuani. Ujumbe ni "faili halifunguki", "nimerekebisha", basi. Mgeni akiingia hakuna wa kumkaribisha. Nalipenda hili gemu na hawa watu, nataka tuwe timu kweli. Wenzangu mnafanyaje?

Jibu: Anza na saa. Saa tisa alasiri Nairobi ni saa tatu asubuhi São Paulo. Warsaw ni saa saba au nane mchana, kutegemea majira. Wote mko macho. Sisi Ijumaa muda huo hatuweki kikao, tunacheza pamoja toleo la wiki hiyo, maiki zikiwa wazi. Ukimsikia mprogramu akicheka adui uliyemchora alivyonasa ukutani, mmeshaanza kujuana.

Jibu: Naongezea: maamuzi yaandikwe, pamoja na sababu zake. Godot, injini ya gemu (programu ya kutengenezea gemu) iliyoanzia Argentina na kuwekwa wazi kwa umma 2014, inajengwa na watu wa nchi nyingi kwa mijadala ya maandishi ambayo yeyote anaisoma. Wa Brazili asiamke akakuta mambo yameshapitishwa.

Muuliza swali: Asanteni sana. Hilo la Ijumaa nalipeleka leo leo. Na mgeni je?

Jibu: Mpeni mwenyeji mmoja wa kumuuliza lolote, hasa wa idara nyingine. Na msimlazimishe kuwasha kamera, bando ni ghali.