NFL wametunyang'anya wiki ya mapumziko, halafu mnasema ushindani umeongezeka!

Wakuu, nina hasira na siifichi.

Tangu 2020 NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, walipoongeza timu za mtoano kutoka 12 hadi 14, nimechoka kusikia eti "ligi imekuwa na ushindani zaidi". Ushindani gani? Ligi ina makundi mawili, yaani konferensi, AFC na NFC, na zamani timu mbili za juu za kila konferensi zilipumzika raundi ya kwanza. Sasa anapumzika namba 1 peke yake. Namba 2, hata awe ameshinda mechi 13, anarudishwa uwanjani kupambana na namba 7.

Mimi naishi Buffalo. Bills, timu yetu, wamemaliza namba 2 AFC msimu wa 2020, 2022, 2023 na 2024. Mara nne! Mara zote hizo, kwa utaratibu wa zamani, wangekuwa wamekaa wanauguza majeraha.

Chukueni Januari 2024, mtoano wa msimu wa 2023. Theluji ilitufungia mji, mechi na Steelers, namba 7, ikasogezwa kutoka Jumapili hadi Jumatatu. Klabu ikatangaza dola 20 kwa saa kwa atakayekuja kuzoa theluji uwanjani. Jirani yangu, mtu wa Bukavu, alikwenda na koleo lake, akarudi vidole havikunjiki. Na bado watu waliingia wakakuta viti vimefukiwa. Tulishinda 31-17, sawa, lakini Terrel Bernard, aliyekuwa akiwapanga wenzake kwenye ulinzi, alitolewa na kigari, kifundo cha mguu kimeumia. Jumapili wakaja Chiefs, ambao wao walicheza Jumamosi. Wenzetu siku 8 tangu mechi yao, sisi siku 6, na Bernard hayupo. Tukafungwa 27-24.

Ndiyo, Tyler Bass, mpiga mateke wetu, alikosa teke la yadi 44 mwishoni, najua mtalileta hilo. Lakini Chiefs walikuwa namba 3! Zamani ingekuwa mechi ileile, hapahapa Buffalo, ila sisi ndio tungekuwa tumepumzika.

Na huyo namba 7 aliyeletwa kwa gharama yote hiyo kafanya nini? Kuanzia msimu wa 2020 hadi 2024 akina namba 7 wamecheza mechi 10, wakashinda moja, Packers walipowapiga Cowboys 48-32. Siku ile walistahili, nawapa heshima yao. Waliobaki je? Bears waliingia wameshinda 8, wamepoteza 8! Steelers, msimu mwingine, wakala 42-21 kwa Chiefs. Broncos 31-7 hapa kwetu.

Msiniambie eti timu nyingi zaidi zinabaki na matumaini Desemba. Mechi za wikiendi ya kwanza zilitoka 4 zikawa 6, ni mbili zaidi za kuuzia televisheni. Januari ileile, Chiefs na Dolphins walionyeshwa Peacock tu, huduma ya mtandaoni ya kulipia, ukiwa nje ya miji yao lipia au usione.

Warudishe timu 12. Mashabiki wa Saints wa 2020 na Cowboys wa 2023, mko wapi? Nanyi mlikuwa namba 2.