Naomba ushauri: kuomba bei za vifaa vya ukumbi wa trampolini

Habari zenu wakuu. Nina godauni Mwanza, nataka kufungua ukumbi wa trampolini (vile vitambaa vya springi vya kurukia). Kabla sijaomba bei viwanda vya China, naandaa mchoro: urefu wa kwenda juu napima mpaka kwenye kenchi, si kwenye bati, na kila nguzo naionyesha, maana nguzo moja ya katikati inavuruga mpangilio wote. Wote nitawataka wafuate kiwango cha kimataifa cha usalama wa kumbi za trampolini, ISO 23659 cha 2022, na springi na magodoro ya akiba wayape bei yake peke yake. Kwenye usalama wa watoto wa watu sitaki kubania hela.

Mliowahi kuagiza, niombe bei ya FOB (mzigo ukishapakiwa melini China, nauli ya meli juu yangu) au ya kufika bandari ya Dar? Na fundi wa kufunga mlimtoa wapi?