Bibi, Kitindamimba na ile nyongeza ya pauni 82.90

Kikundi: Familia ya Bibi (Uingereza)
Jumapili, 11 Mei 2025

Shangazi, 17:06
Assalaam alaykum nyote. Usiku wa kuamkia leo Mama ameanguka tena, na hii ni mara ya pili tangu Idi. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini alikaa sakafuni kati ya kitanda na mlango wa choo tangu saa tisa usiku hadi nilipofika saa moja asubuhi, amejifunika msala wake kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho mkono wake ulikifikia. Kitindamimba ameniambia yuko tayari kuhamia kwa Mama akimaliza mitihani mwezi ujao. Nimemshukuru sana, ila nataka tujue, kabla hajafunga begi lake, kuhama huko kutaziathiri vipi fedha za Mama.

Kitindamimba, 17:15
Waalaykum salaam, shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Niko tayari, wala sijabadili neno langu. Nimesoma kwamba mtu anayemwangalia mgonjwa kwa saa 35 au zaidi kwa wiki hulipwa posho ya mwangalizi, yaani Carer's Allowance, pauni 83.30 kila wiki. Nilichukulia kwamba hiyo ni fedha mpya inayoingia nyumbani, na kwamba Bibi hapunguziwi chochote.

Dada Mkubwa, 17:38
Shikamooni wazazi. Mdogo wangu, hapo ndipo watu wengi huteleza, na mimi huwaona karibu kila wiki kwenye kazi yangu ya ushauri wa mafao, kwa hiyo naomba mnivumilie niandike kwa kirefu.

Bibi ana mafungu mawili ya fedha, na hayafuati sheria moja. La kwanza ni Attendance Allowance, yaani posho ya mzee anayehitaji msaada kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu, ya kiwango cha juu, pauni 110.40 kwa wiki. Hiyo haiangalii kipato, wala haiangalii anaishi na nani. Ahamie mtu mmoja au wahamie kumi, Bibi ataendelea kulipwa ileile. La pili ni Pension Credit, yaani fao linaloongezea kipato kidogo cha mstaafu hadi kifikie kiwango kilichowekwa, na hili ndilo lenye mtego. Kiwango cha kawaida cha mtu asiye na mwenzi mwaka huu wa 2025/26 ni pauni 227.10 kwa wiki, lakini Bibi amehakikishiwa pauni 310.00, kwa sababu juu ya kiwango hicho amewekewa nyongeza ya ulemavu mkubwa ya pauni 82.90. Nyongeza hiyo ina masharti matatu: mtu awe anapata posho ya ulemavu kama hiyo ya Bibi, asiwe anaishi na mtu mzima mwingine, na pasiwepo mtu anayelipwa Carer's Allowance au fungu la mwangalizi ndani ya Universal Credit (fao la wenye kipato kidogo ambao hawajafika umri wa pensheni) kwa ajili yake.

Kwa hiyo ukihamia, nyongeza inaondoka kwa sababu ya kuhamia tu, hata kama hukudai hata peni moja. Na ukibaki kwako ukadai posho, inaondoka kwa sababu ya posho. Kila moja inatosha peke yake.

Baba Mdogo, 17:44
Marahaba mwanangu. Mimi sielewi mantiki yake. Kijana anaacha maisha yake aje amwinue mama mzazi wa baba yake, na malipo yake ni kumkata bibi huyo pauni 82.90? Mama gharama zake hazipungui kwa sababu mjukuu amelala chumba cha pili.

Dada Mkubwa, 17:52
Nakubaliana nawe kabisa, Baba Mdogo, na sijapata kusikia maelezo yaliyoniridhisha. Hoja ya sheria ni kwamba nyongeza hii imewekwa kwa mtu asiye na wa kumsaidia ndani, anayelazimika kununua msaada nje. Hoja hiyo inasahau kwamba aliye ndani naye hula, huoga na huwasha taa.

Mama Mdogo (Glasgow), 17:58
Huku Scotland posho hiyo sasa inaitwa Carer Support Payment, lakini kwa nyongeza ya mgonjwa matokeo ni yaleyale. Poleni sana na habari za Mama.

Kitindamimba, 18:03
Lakini Dada, pauni 82.90 zikitoka na 83.30 zikaingia, si tunabaki palepale, na peni 40 juu?

Dada Mkubwa, 18:21
Ingekuwa hivyo kama posho ingebaki mfukoni mwako yote. Wewe umesema hutakuwa na kazi kwa miezi ya mwanzo, kwa hiyo utaomba Universal Credit, na Universal Credit hukata Carer's Allowance pauni kwa pauni. Utakachobaki nacho ni fungu la mwangalizi, ambalo ni pauni 201.68 kwa mwezi. Upande wa Bibi, pauni 82.90 kwa wiki ni kama pauni 359.23 kwa mwezi. Toa moja kwenye nyingine: familia hii inapoteza pauni 157.55 kila mwezi, na anayepoteza ni Bibi. Ukipata kazi ndogo na usihitaji Universal Credit, hapo hesabu inakaribia kuwa sawa, mradi mshahara wako baada ya kodi na makato usizidi pauni 196 kwa wiki. Na kabla ya mitihani kwisha usidai kabisa, kwa sababu mwanafunzi wa masomo ya muda wote hana haki ya posho hii.

Baba Mdogo, 18:26
Basi ahamie, lakini kwenye karatasi abaki na anwani yake ya zamani. Nani atakuja kuhesabu miswaki bafuni?

Shangazi, 18:40
Hapana, ndugu yangu, na nasema hapana nikiwa najua ninachokisema. Nilipokuwa namwangalia marehemu mume wangu nilikuwa nafanya kazi ya kufua nguo za hoteli, na kuna wiki ambazo nilipewa saa za ziada nikauvuka ule mpaka wa mshahara kwa pauni chache tu. Posho hii haipunguzwi kidogo kidogo. Ukiuvuka mpaka kwa pauni moja, unapoteza ya wiki nzima. Ofisi iliyokuwa ikinilipa iliona taarifa za mshahara wangu, ikanyamaza miezi mingi, kisha ikaniandikia barua ya kudai zote kwa mkupuo. Nilikatwa hadi baada ya arubaini ya mume wangu. Yangu yalikuwa ya kutojua, na yalinitesa kiasi hicho. La kukusudia siliweki kwenye jina la Mama, maana barua itaandikwa kwake yeye mwenye miaka 84.

Mwaka 1985 nilipofika nchi hii, mke wa mtu hakuruhusiwa hata kuidai posho hiyo, eti kumwangalia mgonjwa nyumbani ni kazi yake ya kawaida. Ilianzishwa mwaka 1976 kwa wengine, sisi tukaachwa nje hadi 1986, mwanamke mmoja alipoifikisha kesi yake kwenye Mahakama ya Ulaya akashinda. Tumetoka mbali, tusijiharibie.

Baba Mdogo, 18:47
Nimekosea, Dada yangu, naomba radhi. Nilisema kwa uchungu.

Na je, nikihamia mimi? Mimi mwenyewe napata PIP, ile posho ya ulemavu, fungu la shughuli za kila siku.

Dada Mkubwa, 18:59
Swali zuri sana hilo, Baba Mdogo. Mtu mzima anayepata PIP ya shughuli za kila siku hahesabiwi, kwa hiyo ukihamia wewe Bibi habanduliwi nyongeza yake. Lakini kwa mgongo huo wako ukijaribu kumwinua saa tisa usiku, tutawakuta wawili sakafuni.

Naomba nimuulize Shangazi mambo mawili. Kwa wiki unakuwa kwa Bibi saa ngapi kwa kweli, na pensheni zako zote pamoja ni kiasi gani?

Shangazi, 19:04
Jumatatu hadi Ijumaa nafika saa moja asubuhi na kuondoka saa nane mchana, mara nyingine saa tisa. Pensheni ya serikali pamoja na ile ndogo ya kazini ni pauni 241.30 kwa wiki. Niliwahi kuomba Pension Credit nikaambiwa nimezidi. Akiba yangu ni ya mazishi tu.

Dada Mkubwa, 19:27
Saa saba kwa siku tano ni 35, Shangazi. Umekuwa mwangalizi kisheria muda wote huu bila kuandikwa popote.

Wewe ndiye wa kudai Carer's Allowance kwa ajili ya Bibi. Utajibiwa kwamba una haki nayo lakini hulipwi, kwa sababu pensheni yako ya serikali ni kubwa kuliko posho, na mbili hizo hazilipwi pamoja. Barua hiyo usiichane, maana ndiyo tunayoitafuta. Kwa kuwa hulipwi posho yenyewe, Bibi anabaki na pauni 82.90 zake. Na kwa kuwa haki unayo, kiwango chako cha Pension Credit kinaongezewa fungu la mwangalizi la pauni 46.40: kutoka 227.10 kinapanda hadi 273.50. Ukitoa pauni 241.30 zako, unastahili pauni 32.20 kwa wiki, wewe uliyeambiwa umezidi. Maombi yote mawili yanaweza kurudishwa nyuma hadi miezi mitatu.

Kitindamimba, 19:33
Na mimi Dada? Usiku nani atakuwa naye?

Dada Mkubwa, 19:49
Sheria inauliza mtu kwa kawaida anaishi wapi. Ukibaki na chumba chako kweli, unakilipia, nguo na vitabu vyako viko huko, na unalala kwa Bibi siku tatu kwa wiki, hujahamia, wala hakuna cha kuficha. Mimi nitachukua usiku mbili, na mbili zilizobaki tuzigawe. Siku ambazo Bibi atakuwa peke yake hata kwa saa moja, avae kile kitufe cha dharura shingoni badala ya kukitundika kwenye kitasa. Wewe ukifikisha saa 20 kwa wiki na bado hujapata kazi, unaweza kuomba Carer's Credit: haina fedha, lakini inakulindia rekodi ya pensheni yako ya baadaye, na haigusi fao la Bibi hata kidogo.

Shangazi, 20:02
Nimeelewa, na Mungu akulipe. Lakini naandika hapa wote mwone: siku Mama atakapohitaji mtu kila usiku, Kitindamimba atahamia na hiyo nyongeza iende. Sitamlaza mama yangu peke yake kwa ajili ya pauni 82.90.

Dada Mkubwa, 20:08
Wala mimi, Shangazi. Na siku hiyo ikifika, mtu anayehamia kwa mara ya kwanza ili kumwangalia mgonjwa hupewa wiki 12 kabla ya nyongeza kukatwa, ilimradi tutoe taarifa siku ileile anapohamia na asidai posho ndani ya wiki hizo. Zikiisha, nyongeza ikishaondoka, hapo Kitindamimba adai haki yake bila kusita, kwa kuwa hatutakuwa na cha kulinda tena. Punguzo la robo la kodi ya halmashauri, lile la anayeishi peke yake, linaweza kubaki hata akiwa ndani, kwa kuwa mwangalizi asiye mwenzi wa ndoa anaweza kutohesabiwa.

Baba Mdogo, 20:13
Usiku mmoja ni wangu, Jumanne. Kuinua siwezi, lakini kukaa macho naweza, na simu iko mkononi.

Shangazi, 20:31
Nimemsomea Mama yote haya, naye amesikiliza hadi mwisho. Amesema usiku wa Ijumaa apewe Kitindamimba, kwa sababu ndiye pekee anayejua kumwinua bila kumkaba makwapa. Kesho saa nne asubuhi nitapiga simu ya pensheni. Dada Mkubwa, njoo mapema, na ulete ile barua ya Machi yenye mchanganuo wa pauni 310, mimi nitakuwa nimeshamwogesha.