Mnaouza resipe kwenye WhatsApp, hiyo "zidisha tu" yenu inawatia watu hasara

Wapishi wenzangu wa Nakuru na viunga vyake, nimenyamaza vya kutosha. Siku hizi kila kona kuna mtu anauza mafunzo ya upishi kwenye simu. Unalipa ada, unaingizwa kwenye kundi, unatumiwa resipe ya watu wanne. Ukiuliza ya watu 150 unaambiwa "zidisha tu". Zidisha nini? Kila kitu? Hapo mwalimu hapatikani tena.

Mpwa wangu alilipa ada hiyo. Akapata oda ya pilau ya kilo 15, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) huko Njoro. Resipe aliyouziwa ilisema kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji, na ukiongeza mchele uongeze maji vivyo hivyo. Akafuata neno kwa neno. Pilau ikatoka bokoboko. Wenye shughuli wakakataa kumlipa salio, na nyama alikuwa amenunua kwa pesa zake, sufuria amekodi. Alipomwandikia mwalimu wake alijibiwa, "Mami, pilau ya watu wengi ni mkono tu," kisha akaondolewa kwenye kundi. Simtaji huyo mwalimu, lakini akisoma hapa atajijua.

"Mkono" si jibu kwa mtu aliyelipia. Hesabu yake ipo na inafundishwa Kidato cha Tatu: y = kx, yaani kiungo unachotafuta (y) ni kipimo kisichobadilika (k) mara unga au mchele ulio nao (x). Chukua mandazi. Unga kilo 2, sukari gramu 300. Gawa 300 kwa 2,000 upate 0.15. Hiyo ndiyo k, haibadiliki. Ukiletewa oda ya unga kilo 13, piga 0.15 mara 13, sukari ni kilo 1.95. Maziwa ya kukandia na chumvi nazo zina k zao, na kila moja inakwenda na unga hivyo hivyo. Mtu akikuuzia k hizo, amekuuzia resipe. Akikuuzia "vikombe vinne", amekuuzia bahati nasibu, maana kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 ukiumwaga taratibu au 150 ukiushindilia. Kwa vikombe vinne hiyo ni tofauti ya gramu 120, unaweza usiione. Zidisha mara 20 uone: kilo 2.4 za unga. Kosa nalo linazidishwa pamoja na chakula! Ndiyo sababu resipe inakubali nyumbani na kukuangusha kwenye sherehe.

Sasa maji ya pilau, ambayo ndiyo yaliyomponza mtoto wa watu. Hayo hayafuati y = kx hata kidogo. Jiulize: mchele ukiwa sifuri, maji yanayopotea ni sifuri? Sufuria ya maji matupu ikiwa motoni inatoa mvuke au haitoi? Inatoa. Basi kuna maji yanayonywewa na mchele, na kuna yanayopotea kwa mvuke kulingana na mdomo wa sufuria, kifuniko na muda wa moto. Hapo mlinganyo ni y = kx + c, na c ndiyo maji yanayopotea kwa mvuke. Tuseme kila kikombe cha mchele kinanywa kimoja na nusu, na kwenye sufuria ndogo kikombe kimoja kinapotea. Vikombe 2 vya mchele vitataka 4 vya maji, ile mbili kwa moja yenu. Lakini kilo 15 ni kama vikombe 75. Vinanywa 112 na nusu, na hata mvuke ukila vikombe 10, jumla ni 122 na nusu. Resipe yenu inasema 150. Hivyo vikombe 27 na ushei vya ziada ni karibu lita 7 za maji yasiyo na kazi. Mchele unabadilika, ndiyo, wa zamani hunywa zaidi, kwa hiyo k ipimwe kwa mchele ulio nao. Lakini mpimiwe na nani, ikiwa mwalimu mwenyewe hajui kwamba kuna c?

Mafuta ya kukaangia mandazi ni hivyo hivyo. Karai sharti lijae kiasi fulani hata ukikaanga moja tu. Nimemwona mtu akiambiwa anunue mafuta mara sita kwa sababu unga ni mara sita. Pesa ya mtaji hiyo.

Na keki! Bati la sentimita 20 likibadilishwa kuwa la 30, wanasema ongeza nusu. Kinachojazwa ni eneo la duara, na eneo linafuata kipenyo mara kipenyo: 1.5 mara 1.5 ni 2.25. Ukiongeza nusu tu utatoa keki bapa, halafu ulaumiwe wewe kwamba hujui kuoka.

Kuna na hili la kunakili resipe za Mombasa na kutuuzia sisi tulio kwenye mita 1,850 hivi juu ya bahari. Hapa maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Maharagwe yanachukua muda mrefu zaidi motoni, na mvuke unazidi kupotea. Muda wenyewe wala hauzidishwi: maharagwe ya kilo 10 hayapikwi mara kumi ya muda wa kilo moja.

Ninachotaka ni hiki. Mnaouza, andikeni gramu. Andikeni upana wa sufuria mliyotumia na kiasi kikubwa kabisa mlichowahi kupika wenyewe kwa resipe hiyo. Kama hamjawahi kupita kilo 2, semeni kabla ya kupokea pesa. Na aliyeuziwa kama mpwa wangu aeleze hapa chini alipewa vipimo gani na kilitoka nini, tupige hesabu pamoja kisha kila mtu adai ada yake irudishwe.